UZI: Kuvuta maboti madogo kutoka Uingereza mpaka Friesland, Uholanzi. Tupange mapema, karibuni mchango

#1 Joshi la Kusi

Assalaam alaykum na habari zenu wote. Nimefungua uzi huu mana kule kwenye kundi la WhatsApp mambo yanazama, mtu anauliza swali asubuhi mpaka jioni lishafunikwa na picha za harusi, wiki ya pili mwengine anauliza lile lile. Hapa kila kitu kitakaa pahala pamoja.

Kwa asiyetujua, sisi ni watu wa pwani tunaoishi huku Uingereza, wa Tanga, Unguja, Pemba, wawili Mombasa na mmoja Lamu, tuna maboti ya matanga ya kuvuta na gari. Mwaka huu tunataka kutoka nje ya nchi kwa mara ya kwanza kama kundi. Mpaka leo waliothibitisha ni maboti 5, Wayfarer tatu, Drascombe Lugger moja na Cornish Shrimper moja, watu 13, watoto 3 katika hao. Wiki moja, mwanzo wa Juni, kabla shule hazijafungwa na maji hayajajaa watalii.

Kwa nini Friesland. Kule ni maziwa mengi yameunganishwa kwa mifereji, Heegermeer, Fluessen, Sneekermeer, Slotermeer, Tjeukemeer, unatoka ziwa unaingia mfereji unapita katikati ya mji unatokea ziwa jingine. Maji hayajai wala hayapwi, wenyewe wanayashikilia kwa pampu yakae sentimita 52 chini ya kipimo chao cha Amsterdam, na pampu moja iko Lemmer ni ya mvuke tangu 1920 na mpaka leo inawashwa maji yakizidi. Kina sehemu nyingi ni mita moja na nusu mpaka mbili, mtu mzima akianguka mara nyingi anasimama. Kwa kundi lenye watoto na lenye watu wawili ambao hawajawahi kulala ndani ya boti, sioni pahala pazuri kuliko hapo.

Ila la kwangu ni moja na ndilo lililonifanya niandike mapema hivi. Safari ya kuvuta maboti haiharibikii majini. Inaharibikia barabarani na kwenye makaratasi. Majini sote tunajua kubisha, tunajua kutua tanga upepo ukikaza, hilo tumezaliwa nalo. Kinachowalaza watu njiani ni gurudumu la trela na visa iliyochelewa.

Nawapa kisa changu. Miaka miwili nyuma nilikuwa naivuta Wayfarer kwenda Scotland, nipo motawei ya M6, nikasikia harufu kama ya breki kuungua na trela yangu haina breki kabisa. Nikatoka kwenye kituo cha mapumziko, nikaweka mkono kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya kushoto, nikauondoa mbio. Ile ya kulia vuguvugu tu. Nikafungua kile kifuniko kidogo cha chuma, grisi ndani imekuwa nyeupe kama tui la nazi, nikaichota kwa kidole, ndani yake mna chengachenga za kutu. Gololi za beringi mbili zilikuwa zishapasuka. Na fundi niliyempa trela kuikagua mwezi mmoja kabla aliniambia nzima, endesha.

Nikaja kuelewa baadaye kwa nini. Unaendesha masaa manne, habu inapata moto, hewa iliyo ndani inatanuka. Unafika, una hamu ya kuingia majini, unarudisha trela moja kwa moja mpaka magurudumu yanazama. Maji baridi, habu inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa inavuta maji kupita kwenye sili. Maji yanachanganyika na grisi ndo unapata lile tui. Ukifanya hivyo misimu mitatu bila kubadilisha, beringi imekwisha na wewe hujui.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza, na naomba tukubaliane wote: kila trela ibadilishwe beringi na sili kabla ya Mei, isiwe "kukaguliwa", BADILISHA, na kila mtu abebe seti nzima ya akiba ya saizi yake mana saizi zetu hazifanani, iandikeni ile namba ya beringi kwenye karatasi muiweke ndani ya gari. Na tukifika tunakunywa chai kwanza nusu saa habu zipoe ndo tunashusha.

Mengine nitaongeza mkiuliza.


#2 mvuta_trela

Shukran kaka kwa kuanzisha. Mie nitaivuta Shrimper. Maswali mawili. Leseni yangu niliipata 2009, zamani nilikuwa naambiwa siruhusiwi kuvuta kitu kizito mpaka nifanye mtihani mwengine. Na la pili nasikia trela ikitoka nje ya Uingereza lazima isajiliwe iwe na namba yake. Kweli?


#3 Joshi la Kusi

Leseni: sheria ilibadilika 16 Desemba 2021. Aliyefaulu baada ya Januari 1997 sasa anaruhusiwa kuvuta trela mpaka kilo 3,500, hakuna mtihani. Lakini tizama kadi yako, kama ni ya zamani haitakuwa na zile herufi BE nyuma, yaani ruhusa ya kuvuta trela nzito, haki unayo kwenye rekodi ila kadi haijaandikwa, na polisi wa Uholanzi atasoma kadi, hatosoma rekodi. Kwao mtu mwenye B peke yake, ile ya gari la kawaida, ana mipaka yake. Agiza kadi mpya sasa hivi, ndugu yangu, usisubiri.

Pia leseni kuruhusu si gari kuruhusu. Fungua mlango wa dereva utaona kibati kina namba za uzito, hapo ndo unajua gari lako linavuta kilo ngapi. Shrimper yenyewe imepita tani moja kidogo, weka na trela, injini, nanga, vyombo, maji, unakaribia tani moja na nusu. Ipime kwenye mizani, usikadirie. Na kwa uzito huo trela lazima iwe na breki zake, zisizo na breki mwisho wake ni kilo 750 pamoja na mzigo.

Usajili wa trela: tangu Machi 2019 lazima ni kwa trela za biashara zilizozidi kilo 750 na za binafsi zilizozidi 3,500. Sisi sote tuko chini ya hapo. Trela yako ya kilo 1,500 unaweza kuisajili kwa hiari, na mie ningekushauri uisajili, inakupa karatasi ya kumuonyesha mtu. Za Wayfarer zinabeba namba ya gari linalovuta, basi. Na ile stika ya nchi siku hizi ni UK, GB haitumiki nje tangu Septemba 2021. Ibandikeni nyuma ya TRELA mana ya kwenye gari haionekani.


#4 Demani

Asante sana kaka kwa maelezo. Mimi nauliza la visa. Mie nina paspoti ya Uingereza, mume wangu bado ana ya Tanzania na ana ruhusa ya kuishi huku. Watoto wana za Uingereza. Naona kila mtu anazungumza beringi na hakuna anayezungumza hili wakati nusu ya kundi ni kama sisi.


#5 Pwani_Leeds

Dada Demani umegusa penyewe. Mie ndo niliyekosa safari ya Ufaransa mwaka juzi kwa ajili hiyo hiyo, wenzangu wamepanda feri na boti yangu mie nimebaki Leeds natizama picha. Niliomba wiki nne kabla nikidhani muda upo, nafasi ya miadi nikaipata siku tisa kabla ya safari. Visa ilitoka, ila ilitoka boti lishaondoka.

Kwa hiyo msikilizeni aliyeumia. Unaruhusiwa kuomba miezi 6 kabla, na mwisho ni siku 15 kabla ila huo mwisho usiutizame kabisa. Omba Uholanzi mana ndiko tunakolala siku zote, usiombe nchi nyengine kwa sababu ati miadi ni rahisi. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Bima ya afya ya safari isiyopungua yuro 30,000. Na kibali chako cha kuishi huku kiwe na miezi mitatu ya ziada baada ya siku ya kurudi, hapo wengi wanakwama.

Kingine mie walinibana kwenye makazi. Walitaka kuona nalala wapi kila usiku, na sisi tunalala ndani ya boti! Kwa hiyo kaka Joshi naomba tuweke nafasi ya kambi ya kila usiku pale Heeg, kile kijiji cha ukingoni mwa Heegermeer, kwa jina la kila mmoja, karatasi itoke, na barua ya kueleza kuwa ni safari ya kundi ina maboti mangapi na namba za magari.


#6 Joshi la Kusi

Pole sana ndugu yangu, na hilo ndo lisijirudie. Nasema hivi: TIKETI ZA FERI HATUKATI mpaka visa ya mtu wa mwisho iwe mkononi, au tukate zile zinazobadilishika. Hatuachi mtu nyuma halafu tukasema tumesafiri kama kundi. Barua nitaiandika mie wiki hii na kambi nitaiweka, kila mmoja anitumie jina kama lilivyo kwenye paspoti.

Wenye paspoti za Uingereza nanyi msijione mko salama: iwe imetolewa ndani ya miaka 10 kabla ya siku ya kuingia na ibakiwe na miezi 3 baada ya kutoka. Siku 90 katika 180. Na mfumo wao mpya wa kuandikisha watu mpakani ulianza Oktoba 2025, wanapiga picha na kuchukua alama za vidole, watoto chini ya miaka 12 vidole hawachukui. Tufike bandarini mapema.

Dada Demani, kama kuna mtoto anayesafiri bila mzazi mmoja, bebeni barua ya ruhusa ya huyo mzazi ina sahihi. Nimeona mtu kasimamishwa na watoto wa dada yake.


#7 Foromali

Mimi wa Drascombe. Nimepiga simu kuulizia feri nikaambiwa bei inategemea urefu WOTE na urefu wa kwenda juu. Sasa boti langu ni mita 5.72, trela inazidi kidogo mbele, gari mita 4.6... je mlingoti nao unahesabiwa?


#8 Joshi la Kusi

Unahesabiwa, na hapo ndipo wenye Wayfarer wataumia zaidi kuliko wewe. Wewe Drascombe mlingoti wako mfupi, unakaa ndani ya boti. Wayfarer boti ni mita 4.82 na mlingoti unakaribia mita 7, ukiulaza unachomoza nyuma. Pima kutoka bampa ya mbele ya gari mpaka ncha ya mwisho kabisa inayochomoza, andika namba hiyo, usiandike ile ya kwenye kitabu cha boti. Ukidanganya ukafika bandarini wakapima, unalipa tofauti kwa bei ya siku hiyo au unaachwa.

Ila mlingoti unaweza kusogezwa mbele. Mie nimefunga nguzo ndogo kwenye omo ya trela, mguu wa mlingoti unapita juu yake unakwenda mbele mpaka karibu na kioo cha nyuma cha gari, nyuma unatoka chini ya mita moja. Ukizidi mita moja nyuma sheria ya huku inataka uonekane wazi, funga kitambaa chekundu au kile kibao cha mistari. Lakini uache nafasi ya kukata kona! Kona kali ya kituo cha mafuta mguu wa mlingoti utavunja kioo, jaribuni kwanza nyumbani kwa kuzungusha gari taratibu na mtu amesimama anatizama.

Njia ninayopendekeza ni Harwich kwenda Hoek van Holland, ya mchana ni kama masaa 7, ya usiku unachukua kebini unalala. Wa kaskazini mna Hull kwenda Rotterdam na Newcastle kwenda IJmuiden, zote za usiku. Tukishuka Hoek mpaka Heeg ni kama kilomita 200. Tupite Lemmer, tusipite ule ukuta mkubwa wa bahari wa Afsluitdijk, mana ni kilomita 32 za wazi na upepo wa ubavu na Shrimper ina ubavu mpana.

Mwendo: Uholanzi na trela mwisho kilomita 90 kwa saa. Huku maili 60 kwenye motawei na njia ya kulia kabisa hatuingii. Hatuendi kwa mlolongo wa magari matano yamebanana, mnawazuilia watu na mtu akifunga breki mmeumizana wote. Kila gari linakwenda kivyake, tunakutana vituo tulivyopanga, kila kituo unashuka unaweka mkono kwenye habu ZOTE, unashika mikanda, unatizama taa. Dakika tano.


#9 mvuta_trela

Trela yangu nikifika maili 55 inaanza kutikisika mkia, kushoto kulia. Nikipunguza inatulia. Ni kawaida?


#10 Joshi la Kusi

HAPANA si kawaida, tafadhali usiende nayo popote hivyo. Mzigo wako umekaa nyuma sana. Kichwa cha trela kinatakiwa kibane chini kwenye boli la gari kwa asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wote, yaani kwa kilo 1,500 ni 75 na kuendelea, ila usizidishe namba iliyoandikwa kwenye gari lako. Chukua mizani ya bafuni, weka kipande cha ubao juu, simamisha kichwa cha trela pale kwa urefu ule ule wa boli, soma. Ikiwa kilo 30 umeshapata jibu. Injini iko kwenye tezi, si ndio? Ishushe iweke ndani ya gari. Nanga na mnyororo vilaze mbele. Ikibidi sogeza ile nguzo ya winchi boti lote lije mbele kidogo.

Na ikikutokea barabarani, mguu uondoe kwenye mafuta taratibu, usukani uushike sawa, usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kuufuata mkia kwa kukata kata.

Hapo hapo niseme la mikanda. Ule mkanda mpana ukiuvuta ukapita juu ya boti umenyooka, upepo ukiupiga unalia vuuuu njia nzima na unasugua rangi. Usokote mara moja au mbili kabla ya kukaza, unanyamaza. Na chini yake weka kipande cha zulia.

Taya pia. Taya za trela haziishi kwa kutembea, zinakufa kwa kukaa. Ubavuni kuna namba nne, mbili za mwanzo wiki mbili za mwisho mwaka. Mie nilikuta zangu ni za 2011 na kashata bado zimejaa, nikaipinda kwa mkono nikaona nyufa kama ardhi ya kiangazi. Nimebadilisha na spea pamoja. Na hakikisheni jeki ya gari inaingia chini ya ekseli ya trela, mara nyingi haiingii, beba kipande cha mbao nene.


#11 MwanaTumbatu

Wakuu nisameheni, mie bado roho yangu iko Morbihan. Bahari ni bahari. Tunakwenda kutembea kwenye mabwawa ya maji baridi yaliyopimwa kwa rula wakati Ufaransa kuna ghuba ina visiwa vingi, maji chumvi, kila baada ya miaka miwili wanakusanyika mamia ya maboti ya zamani. Sisi watu wa mkondo na bamvua tunakwenda kufanya nini ziwani?


#12 Mzee wa Tezi

Mwanangu MwanaTumbatu, nakuelewa na mimi hiyo Morbihan nimeifika. Ni pazuri sana. Lakini mkondo wa pale mlangoni siku za bamvua unafika kilomita 15 kwa saa, na Wayfarer kwa mwendo wake wa kawaida haifiki hapo. Maana yake ni kwamba maji ndiyo yanayoamua, wewe huamui. Ukikosea saa moja unatolewa nje au unazungushwa kwenye mawe. Kundi la kwanza, lenye watoto, maboti matano yasiyolingana mwendo, usilipeleke huko. Mwaka wa pili au wa tatu, inshallah, nitakwenda nawe mwenyewe.

Friesland nimekwenda mara tatu na boti dogo. Nawapa ya kule mana naona kaka Joshi ameshughulika na barabara.

La kulala. Kuna shirika linaitwa Marrekrite, limejenga gati ndogo ndogo za mbao katikati ya maziwa, visiwani, ukingoni mwa majani, unafunga boti bure mpaka siku tatu. Hakuna umeme hakuna maji hakuna mlinzi. Wanauza kibendera cha mwaka, mkinunua mnakuwa mmewachangia, na mimi naona ni wajibu kila boti inunue. Usiku kule ndege wa majini wanalia mpaka alfajiri na ukungu unakaa juu ya maji kiasi cha goti.

Madaraja ndiyo yatakayowafundisha. Mengine hayafunguki, lazima ulaze mlingoti, kwa hiyo kila boti ijifunze kulaza na kusimamisha ikiwa majini bila kupiga kelele, fanyeni mazoezi huku kabla. Yanayofunguka yana taa. Nyekundu, subiri. Nyekundu na kijani pamoja, anajiandaa kufungua. Kijani, pita. Nyekundu mbili, amefunga, katie chai. Mchana mengine yanafunga mwenye daraja ale. Na katika miji mingine bado utamkuta anasimama juu ameshika kitu kama mshipi wa kuvulia, kwenye uzi amefunga kiatu cha mbao, anakiteremsha mpaka usawa wa mkono wako, unatia sarafu ndani unapita. Mara ya kwanza nilichelewa kutoa sarafu, boti linakwenda na kiatu kinakwenda nyuma, nikakirukia. Kiatu chenyewe kimelainika ndani kwa sarafu, laini kama kibuyu cha zamani. Weka sarafu za yuro kwenye kikopo karibu na mwenye usukani, mtoto mmoja awe ndiye mweka hazina.

Galamadammen mtapita juu ya barabara, magari yanapita chini yenu ndani ya handaki, watoto watafurahi sana.

Hatari iko moja kubwa: Prinses Margrietkanaal. Ule ni mfereji wa meli za mizigo, unakata katika maziwa hayo hayo. Meli ile haisimami na haikuoni ukiwa mbele yake karibu. Kaeni kulia, kateni kwa pembe mraba, injini iwe inawaka tayari. Hata kama una tanga na unadhani una haki, mpishe. Na IJsselmeer, lile ziwa kubwa kule nje, msiingie upepo ukizidi, maji yake mafupi, wimbi linakuja mfululizo na linasimama wima, linajaza Wayfarer haraka kuliko unavyofua.


#13 MwanaTumbatu

Mzee wangu nimekusikia. Nipo. Wayfarer yangu iandikwe. Ila ahadi ya Morbihan nimeiweka.


#14 Demani

Mzee shikamoo na ahsante. Mweka hazina ni binti yangu, nshamwambia na ameanza kutafuta kikopo. Swali la mwisho la jikoni: naweza kupika nyumbani nikabeba? Nilitaka nitengeneze sambusa za kutosha wote na tui la boksi na maziwa ya chai.


#15 Pwani_Leeds

Dada, sambusa za nyama HAPANA. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya huruhusiwi kuingia kule na nyama wala maziwa wala chizi, Januari 2021 watu walinyang'anywa mpaka mikate yao ya nyama pale pale Hoek. Tengeneza za viazi na dengu, tui la nazi halina shida, mchele, bizari, chapati. Nyama na maziwa tunanunua kule kule, mji wa Sneek. Na kurudi vilevile, tangu Aprili 2025 huku nako wamekataza nyama na chizi kutoka kule, kwa hiyo zile chizi za mduara mtizame tu.


#16 Foromali

Na karatasi za boti lenyewe? Mie langu nilinunua kwa mtu, nina risiti ya kuandika kwa mkono.


#17 Joshi la Kusi

Hiyo risiti ni dhahabu, iweke kwenye mfuko wa plastiki na ubebe ile ile, si picha. Tunachotaka kila boti:

Risiti au karatasi ya kuuziana. Ushahidi wowote kuwa boti lilikuwa Uingereza kabla ya kutoka, mana likirudi ndani ya miaka mitatu na mwenyewe ni yule yule hawakudai kodi, ila lazima uweze kuonyesha. Usajili wa maboti madogo, ule wa mtandaoni wa miaka mitano, unapewa namba unaibandika kwenye tezi, na hata mwenye paspoti ya Kenya au Tanzania anaruhusiwa kama anaishi huku mana ni Jumuiya ya Madola. Bima ya boti, na hapa simameni kidogo: bima nyingi zimeandikwa maji ya Uingereza tu. Mpigieni simu mumwambie Uholanzi, maji ya ndani, kuanzia tarehe hii mpaka hii, na akupe kwa maandishi. Bima ya gari nayo iulizeni kama trela ikifunguka kwenye gari bado inahesabika.

Cheti cha nahodha hatuhitaji, kule kinatakiwa kwa boti lililozidi mita 15 au linaloweza kupita kilomita 20 kwa saa. Sheria za maji ya ndani za Ulaya someni hata hivyo, zile alama za ukingoni ni kama za barabarani.

Petroli ya injini msivuke nayo kwenye madumu, dumu liende tupu tujaze kule. Jaketi za kuelea za watoto zijaribiwe kwenye bwawa la kuogelea kabla, mtoto ndani yake, si kwa kuangalia lebo.

Sasa kazi ya wiki hii. Ijumaa nataka kwa kila boti namba tatu tu: urefu wote kutoka bampa mpaka ncha ya mlingoti, uzito wa trela na mzigo kwenye mizani, na namba ya beringi. Na wenye kuhitaji visa mnitumie majina leo usiku nianze barua.


#18 mvuta_trela

Nimetoka nje na mizani ya bafuni sasa hivi. Kilo 28. Injini nimeshaishusha, imekuwa 49. Kesho nasogeza nguzo ya winchi napima tena. Kadi ya leseni nimeagiza. Jina la mke wangu na langu nimekutumia.


#19 Demani

Majina manne yametumwa kaka. Miadi ya mume wangu tumeipata ya wiki ijayo Jumanne, London, tutakwenda na barua yako.


#20 Joshi la Kusi

Barua mbili nimezituma, angalieni imeli. Mvuta_trela ukifika 75 niambie.